Harufu Iliyokuja Kumaliza Siku Zake

Siku ile mjinga alikuwa Kahigi. Hasingiziwi na mtu. Mwenyewe hukiri, tena hukiri akicheka, hasa akiwa kwenye foleni ya kupima kahawa ambako kila mmoja ana muda wa kusikiliza ujinga wa mwenzake. Husema, "Mimi nilidhani harufu ni kitu cha kuamrisha." Watu wakishacheka huongeza kwamba hata darasa la saba halikumsaidia, maana somo la harufu mwalimu aliliruka.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, nyuma ya jiko la nyumba yake pale Ihembe. Chini ya migomba lilisimama pipa la bluu, limejaa maji na mihogo iliyomenywa. Mukashema alikuwa ameliinamia, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, anabonyeza muhogo mmoja mmoja kama daktari anayetafuta uvimbe. Povu lilikuwa limeanza kujikusanya ukingoni, jeupe pembeni na kijivu katikati, na kila kiputo kilichopasuka kilitoa pumzi ya mtu aliyeamka na meno ya jana.

Kahigi ni mtu wa ndizi, mtoto wa mtu wa ndizi. Ila mnyauko ulikuwa umepita kwenye kibanja chake na kuondoka na nusu ya migomba, na nusu iliyobaki ilitosha meza yake tu, si matumbo ya vibarua wanaomchumia kahawa. Hivyo alikuwa amepanda muhogo kule rweya, kwenye nyasi tupu, na kwa ujanja wake akachagua ule mchungu ambao nguruwe pori huuonja mara moja na hawarudi. Ulikuwa muhogo wa posho. Yeye hakuwa ameutia mdomoni hata siku moja. Kazi ya kuuloweka, kuuanika na kuutwanga alimwachia Mukashema, kwa sababu katika boma zima ni yeye tu aliyeijua. Wazazi wake walitoka nayo Rwanda. Mumewe, Nizigiyimana, ambaye kwao ni Burundi, ndiye aliyekuwa akipalilia kahawa, kuichuma na kuibeba. Walikaa na watoto wao kwenye kijumba kilicho mwisho wa shamba na kila Jumamosi walipewa unga wao.

"Unatoka lini huu?" aliuliza Kahigi, amejiziba pua kwa mkono wa shati.

"Jumamosi jioni, Ta," alijibu Mukashema, kwa neno la heshima ambalo pale Ihembe huitwa baba mwenye nyumba. "Umeingia jana. Siku nne zikitimia, kidole kinaingia bila kubisha hodi."

"Jumamosi nina wageni."

"Nimesikia, Ta. Hongera kwa Restuta."

"Hongera ya nini kama wakwe wanatoka Kibingo kuja kumwomba binti yangu na wanapokewa na kinyaa hiki? Watasema nimefuga maiti."

"Basi tulisogeze pipa kule rweya."

"Liibiwe?"

"Muhogo mchungu nani ataiba?"

"Muhogo hawaibi. Wataiba pipa. Na pipa lenyewe nalitaka nikamulie rubisi ya wageni. Utoe leo."

Mukashema alitoa mkono majini. Ute uling'ang'ania vidole vyake, ukavutika kama makamasi ya mtoto mwenye mafua, ukakatika.

"Ta, huu una sumu. Siku moja haiitoi. Anayeula hivi kichwa kinamzunguka, anatapika, na akiendelea kuula miguu inakataa kazi. Nimewaona watu hao kwa macho yangu. Na watakaoula huu ni sisi."

"Ndizi tunaimenya, tunaipika, tunaila. Hakuna cha kuihesabia siku. Chakula ambacho lazima kioze kwanza ndipo kiliwe, hicho kimekosa malezi."

"Ndizi ni ndizi, Ta."

"Umeona? Hata wewe unakubali."

Ndipo alipokuwa mjinga. Muhogo ulitolewa siku hiyohiyo, ukiwa bado mgumu, unalia kakaka chini ya kisu. Mukashema aliukata vipande vyembamba kuliko kawaida, akitumaini jua litamsaidia kazi, akauanika kwenye turubai kando ya kahawa. Pipa lilisuguliwa kwa majivu na sabuni ya unga mara tatu, likasuuzwa, na asubuhi yake na mapema likamiminiwa maji ya ndizi mbivu na mtama wa kukaanga, ili ichachuke rubisi.

Asubuhi hiyohiyo ya Alhamisi, saa moja na nusu, harufu iliingia sebuleni.

Haikupenya kama harufu nyingine zinavyopenya. Ilipitia mlango wa mbele, ikajifuta miguu kwenye gunia la kizingitini, ikavuka zulia na kukaa kwenye kiti kikubwa, kile cha wageni, chenye kitambaa cha kufuma mgongoni. Mto wa kiti ulibonyea. Kitambaa kikaanza kulowa, polepole, toka katikati kwenda pembeni.

Anatolia, mke wa Kahigi, alikuwa anafagia.

"Karibu," alisema, kwa sababu anayekaa kwenye kiti kile hukaribishwa, awe nani. Akaenda uani, akatapika, akasukutua mdomo, akarudi kumalizia kufagia. Alipofika kwenye kiti harufu iliinua miguu apitishe ufagio. Ilikuwa na adabu, hilo halina ubishi.

Kahigi alipotoka chumbani alisimama mlangoni na mswaki mkononi.

"Hii nani kaileta?"

"Imekuja yenyewe. Pipa lina rubisi. Ilitaka ikae wapi?"

"Itaondoka lini?"

Anatolia alihesabu kwa vidole. "Ilitakiwa ikae siku nne. Wewe umeipa moja."

"Kwa hiyo Jumamosi jioni."

"Kwa hiyo Jumamosi jioni. Wageni wako wanakuja saa ngapi?"

"Saa saba," alisema Kahigi, akarudi chumbani kukaa kitandani kidogo.

Hakukata tamaa. Alichoma majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akaizungushia moshi. Harufu ilikohoa mara mbili, ikasogea upande wa dirishani. Alikata malimao kumi na mbili akayapanga sakafuni kuizunguka. Kufikia mchana malimao yalikuwa yameota ukungu. Mwishowe alikibeba kiti chenyewe, na harufu juu yake, nzito kama mgonjwa, akatoka nacho mpaka kwenye mti wa mwisho wa kahawa. Alipokitua, harufu ilishuka, ikamtangulia kurudi kwa miguu, na yeye alipofika akihema na kiti chake kitupu aliikuta imekaa kwenye sofa. Basi akairudishia kiti chake. Afadhali kulowa kiti kimoja kuliko kulowa sofa la watu watatu.

Majirani walipomuuliza ikoje, alijitahidi kuieleza, maana Kahigi hapendi kukosa neno. Alisema ni kama soksi iliyosahauliwa kwenye chupa ya maziwa. Akasema hapana, ni kama maji ya maua ya kaburini, wiki ya pili. Kisha akasema kuna kitu ndani yake kinachonata, kwamba unaivuta puani mara moja lakini kuimeza unaimeza mchana kutwa. Chai ilikuwa na ladha yake. Mswaki ulikuwa nayo. Nzi waliacha jiko, wakaacha choo, wakaja kuizunguka kwa utulivu kama watu waliofika msibani. Na chini ya kiti, tone kwa tone, yalikuwa yanadondoka maji meupe yenye povu ambayo Anatolia aliyakingia beseni, na beseni alilimwaga kila baada ya saa mbili, uso ameugeuzia Rwanda.

Alasiri ya Alhamisi hiyohiyo Mukashema alikuja mlango wa jikoni. Alichungulia sebuleni, akaisalimia harufu kwa kichwa kama mtu anayemjua, akamgeukia Kahigi.

"Ta, hii imekuja kwa sababu kazi yake haijaisha. Vipande bado vibichi. Tuvirudishe majini, itatoka hapa sasa hivi."

Kahigi alitaka. Mpaka leo husema alitaka. Alitazama kiti, akatazama beseni.

"Tuvirudishe wapi? Pipa lina rubisi."

"Tuimwage."

"Tumwage rubisi ya kuombewa binti! Mukashema, wewe una akili?"

"Sisi tutakula nini, Ta?"

"Mtakula unga. Ukishakauka ni unga. Nani alishaona sumu kavu?"

Mukashema aliitazama tena harufu, kana kwamba ingeweza kumsaidia hoja. Harufu ilikuwa imepewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote, na ilikuwa inatafuna.

Ijumaa jua lilikuwa kali na vipande vikakauka, vikalia kama vigae. Mukashema alivitwanga. Unga ulitoka mweupe kuliko chaki, laini, na haukunuka kitu chochote, kabisa. Kahigi alishika kiganja kimoja akaunusa kwa furaha; ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi pua yake kupumzika.

"Unaona? Unga safi. Haunuki."

"Hauwezi kunuka, Ta. Harufu yake iko sebuleni."

Kuku walidonoa chembe zilizomwagika, wakadonoa mara moja tu, kisha wakaifuta midomo yao kwenye nyasi, upande huu na upande huu. Unga ulitiwa kwenye gunia, gunia likapandishwa kwenye chaga ya ghalani ili unyevu wa sakafu usiufikie. Dumuzi waliokuwa wamejificha kwenye mishono ya gunia walitoka saa hiyohiyo, wakashuka kwa mguu wa chaga katika mstari mmoja, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wakapita chini ya mlango na kuelekea kwa jirani. Kahigi alifurahi sana. Alisema miaka yote anahangaika na majivu na dawa za kuhifadhia, kumbe dawa ni kutoa muhogo mapema.

Jumamosi saa tatu asubuhi aligawa posho. Nizigiyimana alipokea wake, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda nao kijumbani. Kulikuwa na kazi ya kufagia uwanja na kuchinja mbuzi, na mtu hachinji mbuzi wa mwenzake na njaa yake mwenyewe.

Wageni walifika saa saba na nusu: Jovitus, baba wa mchumba, mzee mrefu mwenye koti la harusi ya zamani, na dada yake Vero, shangazi wa mchumba, ambaye ndiye hasa aliyekuja kuangalia, Jovitus alikuja kumsindikiza. Walikaribishwa ndani. Waliona kiti kikubwa kina mtu. Wakapeana nafasi kwenye sofa bila neno, wakaanza kusalimia kwa kuzunguka, mkono kwa mkono, Kahigi, Anatolia, mpaka wakafika kwenye kiti. Jovitus aliipa harufu mkono, akautoa umelowa, akaupangusa kwenye suruali chini ya meza.

"Za huku?" aliiuliza.

Harufu ilitikisa kichwa kwamba nzuri.

Ndizi ililetwa, na nyama ya mbuzi, na rubisi kwenye vibuyu. Restuta aliingia na maji ya kunawa, akapiga magoti, akatoka akiwa amezuia pumzi kwa muda ambao Vero aliuhesabia kuwa ni ishara ya mapafu mazuri. Watu walikula. Kila tonge lilipita kwenye ile hewa kabla ya kufika mdomoni na lilifika likiwa na utando. Jovitus alikuwa anatafuna na macho yake yakimtoka machozi, lakini aliendelea, maana mkwe anayeacha chakula ameacha na binti.

"Mzee mwenzangu," alisema mwishowe, "huyu mgeni wako kwenye kiti ni wa upande gani?"

"Ni jamaa tu. Wa mbali."

"Wa mbali wapi? Huyu namfahamu mimi. Kwetu Kibingo kila nyumba anafika. Lakini kwetu hukaa nje, kwenye pipa." Jovitus aliweka tonge chini. "Huyu ni wa siku nne. Kwako kaingia lini?"

"Alhamisi."

"Leo ya tatu. Na ile moja kalala wapi?"

"Kwenye pipa," alisema Anatolia, kwa kuwa Kahigi alikuwa amejaza mdomo kwa makusudi.

Jovitus alitazama sahani yake. Vero alitazama kibuyu chake cha rubisi, akakinusa, jambo ambalo chumbani mle halikuwa na faida yoyote.

"Kwa hiyo," alisema Jovitus taratibu, "kuna muhogo mchungu umetoka majini na siku moja."

"Upo," alisema Kahigi.

"Uko wapi?"

"Umeshakuwa unga."

"Na unga nani anaula?"

Hapo nje ya dirisha palisikika mtu anatapika kwenye miti ya kahawa. Alitapika kwa kirefu, kwa juhudi, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kwenye kisima kirefu, na kila ndoo ilipofika juu ilifuatwa na sauti ya mwanamke anayesema pole, pole. Kahigi aliinuka akafunga dirisha.

"Sisi ni watu wa ndizi, bwana," alisema akirudi. "Ule ni posho ya vibarua."

Jovitus alishusha pumzi kiasi cha vifungo vya koti kulegea. Akaliokota tonge lake.

"Aa! Si useme! Mimi nilikwisha kudhani mmetuchanganyia humu kwenye mchuzi."

"Kaka, ulishabadilika rangi," alisema Vero. "Nilianza kufikiria tutakuzika na koti lipi, maana hili ndilo ulilo nalo."

Wakacheka wote. Jovitus alicheka mpaka akakohoa, Anatolia alicheka kiganja kikiwa puani, na Kahigi alicheka kuliko wote, kwa unafuu wa mtu aliyeponea chupuchupu. Harufu haikucheka. Ilikuwa imegeuza uso upande wa dirisha lililofungwa, na chini ya kiti matone yaliongeza mwendo.

Restuta aliombwa, akatolewa. Tarehe ya harusi ikapangwa kabla ya mvua. Vero, kwa kumalizia, alisema familia aliyoiona ni ya watu wakarimu, wasiomfukuza mgeni hata akiwa wa namna ile. Jua lilipogusa migomba harufu ilisimama, siku zake zimetimia, ikajifuta miguu kwenye gunia kwa nje, ikashuka njia ya rweya bila kuaga. Anatolia alifungua madirisha yote. Nizigiyimana alikuwa ameketi amejiegemeza kwenye shina la mti wa kahawa, rangi imemtoka, anakunywa maji kwa kijiko.

Mtu mwingine angejifunza kitu. Kahigi alijifunza pia, ila alijifunza hesabu nyingine. Aliona kwamba pipa moja, kama muhogo unakaa humo siku moja tu, linaweza kuloweka mafungu matatu kwa juma, badala ya moja. Aliona kwamba unga wa namna ile hauingiwi na dumuzi na unakaa ghalani miezi. Gharama yake ni kiti. Akamnunulia mkewe nailoni nene ya kufunika kiti kikubwa, na beseni lenye mpini.

Tangu hapo harufu ikawa ya nyumbani. Huja asubuhi, ikisikika kwanza kwenye lile gunia la kizingitini, na siku hizi haikaribishwi tena kwa maneno, inasogezewa kikapu cha kahawa tu. Jirani akija kuazima jembe huisalimia shikamoo na kushika pumzi. Jovitus akipiga simu kutoka Kibingo huuliza, "Na mzee wa kwenye kiti hajambo?" Kanisani watu wameliachia benchi la Kahigi nafasi kubwa, pande zote mbili na nyuma, na yeye huichukulia kuwa ni heshima. Nyama aliacha kuipenda. Wali aliacha. Hata ndizi, ndizi ya baba yake, huimeza nzimanzima bila kuigusisha ulimi, macho yamefungwa. Shati likitoka kwenye kamba huwa na ute kwenye kola. Anavumilia. Husema baba mwenye nyumba ndiye hubeba kinyaa cha nyumba ili wengine wale.

Huko mwisho wa shamba walikula. Mukashema alijaribu kulitibu fungu lao: aliomba apewe vipande vikavu badala ya unga, akavitia kwenye ndoo yake mwenyewe, akasubiri. Maji yalikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, meupe, bila povu, bila nzi, safi kiasi cha kubatizia mtoto. Harufu ilikuwa sebuleni kwa Kahigi na haikuweza kuwa mahali pawili. Siku ya nne alivitoa vipande vikiwa vigumu kama alivyoviingiza, akavitwanga, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Kufikia mwezi wa kumi Nizigiyimana alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana, kama mtu anayevuka tope ambalo wengine hawalioni. Kwenye zahanati muuguzi alimgonga goti kwa kinyundo kidogo na mguu uliruka kama chura. Akauliza wanakula nini, akajibiwa, akasema miguu ile haitarudi ilivyokuwa, ila waache huo unga isije ikaharibika zaidi, na isije ikafuata ya mama na ya watoto. Akawaandikia kwenye kikaratasi: maharage, dagaa, mayai. Kikaratasi Mukashema alikikunja akakihifadhi kwenye Biblia, kwani hakikuwa na matumizi mengine.

Neno la mwisho katika jambo hili lilisemwa Ijumaa moja ya Novemba na halikubadilisha kitu. Jumanne iliyofuata pipa lilijazwa kama kawaida na Jumatano likamwagwa. Ijumaa hiyo Mukashema alikuja mlango wa mbele. Nyuma yake Nizigiyimana alikuwa anapanda ngazi tatu za baraza, kila ngazi kwa mashauriano, fimbo kwanza, kisha vidole, kisha goti. Mukashema alikuwa ameshika bakuli la unga, limefunikwa kwa sahani. Kahigi alikuwa mezani na Anatolia, chakula mbele yao, harufu kwenye kiti.

"Karibuni," alisema Kahigi. "Nizigiyimana, miguu vipi?"

"Iko hapa, Ta," alisema Nizigiyimana, akasimama akishikilia mlango, jasho linamtoka.

"Ta, tumekuja kwa lilelile," alisema Mukashema. "Tunaomba siku nne. Kwenye pipa. Hatuombi kingine."

Kahigi alisukuma sahani pembeni. Alikuwa mtu mchangamfu, lakini miezi minne ya kuishi vile ilikuwa imemfanya apandwe na hasira haraka.

"Siku nne! Siku nne! Hebu iulize hiyo hapo kwenye kiti. Moja kwenye pipa, tatu kwangu. Zimetimia au hazikutimia? Mimi nalala nayo, naamka nayo. Mke wangu mtazame, nguo zote zinamdondoka, chai hawezi kumeza. Nimeacha kula nyama mimi, mtu wa Ihembe! Kinyaa chote kimebaki humu ndani, na nyinyi mnapokea unga mweupe, usionuka hata kidogo, halafu ndio mnaokuja kulalamika. Hebu niambie, Mukashema, mbele ya mumeo, nani kati yetu anateseka?"

Anatolia alitazama beseni. Harufu iliacha kutafuna.

Mukashema aliingia mpaka mezani, akaondoa sahani ya ndizi iliyokuwa mbele ya Kahigi, akaweka lile bakuli la unga mahali pake.

"Basi tubadilishane, Ta. Kuanzia leo sisi tutakaa na harufu, nyinyi mle unga."